Moyo Unampiga Nani?

Somo langu la kwanza kuhusu mwili wa binadamu hapa Guangzhou lilimfanya mwanafunzi agome kula. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaokuja kufundisha Jumamosi kutoka vyuoni na mabango yenu ya rangi, msije mkadhani aliyewatangulia alikuwa malaika.

Mimi ni Mwalimu Konsolata. Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Tanga, serikali iliponiambia nimezeeka. Mara ya pili ni hapa, magoti yaliponiambia hivyo hivyo. Katikati yake nilimfuata huku China binti yangu anayefanya biashara ya nguo, nije nimlelee mtoto. Mtoto akaanza shule, nikabaki nimekaa dirishani nikitazama pikipiki za umeme zikipita bila sauti kama wezi. Mtu aliyezoea kupigiwa kelele na watoto hawezi kuishi hivyo. Ndipo nikaomba chumba cha nyuma cha ule mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu mnaoujua, chenye harufu ya samaki wa kukaanga tangu asubuhi, nikaanza darasa.

Waliokuja ni watoto ambao shule nyingine ziliwapokea kwa tabasamu na kuwarudisha nyumbani kwa tabasamu lile lile. Wengi walikuja na kuondoka, maana wazazi wa huku ni watu wa kontena, leo wapo kesho wamesafiri. Waliokaa hadi nikawajua kama viganja vyangu ni wawili. Sumaya alikuwa binti wa Dokta Haji, Mzanzibari aliyekuja kusomea mambo ya maji. Sumaya ana ugonjwa wa Down, ulimi wake ni mzito na kicheko chake ni chepesi. Mwingine alikuwa Gwakisa, mtoto wa mfanyabiashara wa jinzi kutoka Mbeya. Gwakisa ana usonji. Hasemi uongo, hapendi kuguswa ghafla, na kila neno unalomwambia analichukua kama lilivyo, halipindi wala halikunji.

Sasa jaribuni kumfundisha mtu wa namna hiyo mwili wa binadamu kwa Kiswahili. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Moyo unapiga."

Gwakisa akanitazama. "Unampiga nani?"

"Haumpigi mtu. Unapiga tu."

"Kwa nini unapiga kama hakuna mtu?"

Mimi na cheti changu cha ualimu tukahamia kwenye damu. Nikamwambia damu inatembea mwilini, akainama kutafuta miguu yake. Nikamwambia mapafu yanavuta hewa, akauliza kamba iko wapi. Siku moja mama yake alimaliza kuongea na simu, akaketi akasema, "Huyu laoban, huyu bosi wa kiwanda, amenivunja moyo." Gwakisa akaacha alichokuwa anafanya, akaenda akaweka sikio kifuani kwa mama yake, akasikiliza kwa makini, halafu akamwambia, "Mama, haujavunjika." Mama akafuta macho. Mimi nikajifanya natafuta chaki, na hatukuwa na ubao wa chaki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, chungeni ndimi zenu. Kwa watoto hawa, semeni "moyo unabana na kuachia," mkiwa mmekunja ngumi na kuikunjua. Misemo ifundisheni peke yake, siku yake, muwaambie wazi kwamba hivi ni vitu watu husema bila kumaanisha. Mimi nilifanya hivyo kila Ijumaa. Gwakisa alisikiliza yote kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa mila za kabila la mbali, na hakutumia hata msemo mmoja.

Turudi kwenye kula.

Siku ile nilikuwa nimejipanga. Nilishona aproni kwa mabaki ya jinzi ambayo Mama Gwakisa aliniletea kutoka viwanda vya Xintang. Koo lilikuwa zipu ndefu. Tumbo lilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Utumbo ulikuwa mguu wa suruali nilioukata mwembamba, nikaukunjakunja na kuushika kwa nyuzi. Na mwishoni kabisa, mahali mnapopajua, nilificha udongo wa kuchezea wa rangi ya kahawia. Ilikuwa aproni tamu. Nilijiona nimefika.

Kumbukeni kwamba kitabu kinaita somo hilo mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Aliyetunga neno "mmeng'enyo" hajawahi kukaa na mwanafunzi mwenye ulimi mzito. Sumaya alilijaribu mara moja, mate yakaruka hadi kwenye miwani yangu, tukakubaliana kuliita "safari ya ndizi."

Nikatumbukiza ndizi ya plastiki kinywani, nikafungua zipu, nikaiminya hadi mfukoni, nikaisukuma utumboni, na huku chini nikauachia ule udongo ukaanguka sakafuni. Sumaya alicheka hadi akaanguka naye. Gwakisa alisogea akautazama udongo.

"Ndizi imekuwa mavi?"

"Ndiyo, Gwakisa! Vizuri sana!"

"Wali unakuwa mavi?"

"Ndiyo!"

"Maandazi?"

"Vyote, mwanangu! Hata keki ya harusi!"

Nilikuwa nashangilia, vijana. Nilidhani nafundisha.

Mchana mpishi alituletea wali na maharage kama kawaida. Gwakisa alikuwa mlaji mashuhuri. Siku hiyo aliitazama sahani, akaisukuma kwa kidole kimoja, akasema, "Bu yao." Hiyo ndiyo sitaki ya sokoni, ile ambayo wenye maduka na wateja hurushiana kutwa nzima kwenye soko la nguo la Shisanhang. Nikadhani hana njaa. Jioni mama yake akanipigia kuuliza kama amekula kitu kibaya. Kesho yake asubuhi hakunywa uji. Mchana, bu yao. Alimwona Sumaya akitafuna chapati, akamtazama kwa huruma kubwa, akamwambia, "Sumaya, unakula mavi." Sumaya akacheka, akaendelea kutafuna. Mungu ambariki Sumaya.

Maji alikuwa anakunywa. Nashukuru hadi leo kwamba hatukuwa tumefika kwenye figo.

Achieng', yule msichana Mkenya aliyekuwa anasomea udaktari na kutusaidia darasani, alimpima mapigo, akamvuta ngozi ya mkono, akanivuta kando. "Mwalimu, kwa sasa yuko sawa kwa sababu anakunywa. Akiacha maji, hatungoji, tunampeleka hosi mara moja. Na hata asipoacha, hii haiwezi endelea. Amekonda already, mtoto hana akiba."

Mama Gwakisa alikuja jioni, amebeba begi la sampuli begani. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, nilikuletea mtoto anayekula."

Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Kusoma hakusomi, nilishazoea," akaendelea. "Kuongea na watu anaongea kidogo, nikashukuru. Lakini kula alikuwa anakula. Ndilo jambo moja nililokuwa sihangaiki nalo. Sasa na hilo umelichukua?" Akamtazama mwanawe aliyekuwa anapanga viatu vya wenzake kwa ukubwa. "Nimeshaongea na mama yangu Tukuyu. Kama hali ni hii namrudisha. Huko hakuna wa kumfundisha utumbo."

Na huko, vijana, hakukuwa na darasa lolote la mtoto kama yeye. Mimi nilijua, na yeye alijua. Angekaa uani kwa bibi yake, anapendwa, anapanga viatu, basi.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu Bi Zainabu. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi Tanga, nilipokuwa mwalimu mbichi niliyeogopa watoto. Ni mwanamke mfupi, mdomo wake hauna breki. Nilimweleza yote. Nikasikia anacheka hadi anakohoa.

"Wee Konsolata! Umemwambia mtoto wa watu chakula ni mavi, halafu unashangaa hali? Mimi mwenyewe hapa nimeacha andazi langu!"

"Bi Zainabu, mtoto hali. Anakonda."

Akaacha kucheka. "Umemwonyesha kinapoingia na kinapotokea. Katikati je?"

"Nilimwambia kwamba virutubisho vinaingia kwenye damu."

"Ameviona?"

"Havionekani, Bi Zainabu."

"Basi hukumwambia kitu. Huyo anaamini anachokiona, na ulichomwonyesha ni mavi. Kitafute chakula mwilini mwake, kilipobaki, umwonyeshe kwa kidole. Na hiyo aproni yako ichome moto." Akakata simu. Hajawahi kuaga katika maisha yake.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa na wazo ambalo nililiona la kisomi kabisa. Nilikwenda stoo ya Mama Gwakisa, pale anapofungulia mizigo ya Xintang na kuipanga upya kabla haijaingia kontena. Kila suruali huja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Gwakisa alikuwa pale, uso umemsinyaa, lakini mikono inafanya kazi aipendayo, anachana nailoni, suruali kulia, nailoni kushoto.

"Gwakisa," nikasema, "mwili wako ni kama stoo hii. Chakula kinaingia kama mzigo. Suruali zinakwenda dukani, ndiyo nguvu. Nailoni zinatupwa, ndiyo mavi. Umeona?"

Alifikiri. "Wali hauna nailoni."

"Ni mfano tu."

"Wali hauna nailoni, Mwalimu," akarudia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Akaendelea na kazi.

Mama yake alinitazama kwa jicho ambalo sitalielezea. Nikakaa juu ya robota la jinzi, nimeishiwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini, macho yangu yalikuwa usawa wa miguu ya Gwakisa. Suruali yake ilikuwa imeishia juu ya kifundo cha mguu, kipande kizima cha mguu kiko nje, kama mtu anayevuka mto.

"Mama Gwakisa, hii suruali ulimnunulia lini?"

"Pasaka ya mwaka jana. Ilikuwa inafagia chini, nikamkunjia pindo. Nimelishusha pindo lote, bado haifiki." Akasonya. "Anarefuka kama mgomba."

Nikapiga magoti, magoti haya haya mabovu. Sikumgusa. Nikaweka kidole hewani, pale suruali ilipoishia. "Gwakisa, tazama. Pasaka mguu wako uliishia hapa. Sasa umefika huku chini. Hiki kipande kipya kimetoka wapi?"

Akainama. Akatazama mguu wa kulia. Akatazama wa kushoto, kuhakikisha kwamba nao umefanya hivyo. "Sijui."

"Mama alikununulia?"

"Sikununua," Mama Gwakisa akadakia, na hapo nikaona ameelewa ninakokwenda. Akaacha begi lake akachuchumaa pamoja nami. "Miguu haiuzwi dukani, mwanangu. Nilikupa wali. Nilikupa maharage. Kwa bibi ulikula ndizi mpaka nikaona aibu. Mimi sikukupa kitu kingine."

Gwakisa akakigusa kile kipande cha mguu kwa ncha ya kidole. "Hiki ni wali?"

"Ni wali," nikasema.

"Na maharage?"

"Na maharage. Mwili umevichukua ukatengeneza mguu."

Nje mtu alikuwa anavuta toroli huku akipiga kelele za kuomba njia. Gwakisa aliketi sakafuni, akakunjua miguu yote miwili mbele yake, akaikagua kama mama yake anavyokagua mshono.

"Na mavi?"

Nilivuta pumzi. Nilijua nina sentensi moja tu. "Ni kile ambacho mguu haukukitaka."

"Mguu umesema bu yao."

"Umesema bu yao!" mimi na mama yake tukasema kwa pamoja, kwa sauti iliyomfanya mwenye toroli achungulie ndani.

Gwakisa aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mzee aliyekubaliana na hoja ya baraza. Halafu akasema anataka wali. Mama yake alikimbia, nasema alikimbia, na ule mwili wake, hadi mgahawani. Gwakisa alikula sahani yote akiwa ameketi pale pale sakafuni, na kila baada ya kijiko alitazama chini kuona kama mguu umesogea.

Msidhani iliishia vizuri moja kwa moja. Kwa majuma mengi baada ya hapo, kila alipotoka msalani alitangaza kwa mgahawa mzima, wateja wakiwa na vijiko mdomoni, ni kiasi gani mguu umekataa. Mwenye mgahawa alikuja kunilalamikia. Nikamwambia mtoto anakula, vumilia. Sumaya naye akaiga, kwa kuwa Sumaya haachi jambo zuri lipite. Dokta Haji aliniuliza kwa adabu ya Kizanzibari, "Mwalimu, huu mguu unaosemwa sana nyumbani kwetu siku hizi, ni mguu wa nani?"

Huyo Dokta Haji ana subira, na mimi niliipima sana. Wakati wa somo la kupumua nilitaka mapafu halisi, kwa sababu puto halifanani na pafu hata kidogo. Nilikwenda sokoni na Gwakisa, nikaonyesha kidole, nikafungiwa mapafu makubwa mazuri. Kichina changu kinaishia kwenye kupunguziwa bei. Darasani nikayaweka kwenye beseni, nikachomeka bomba la pampu ya baiskeli, nikajaza hewa, yakavimba yakawa ya waridi kama mto wa kulalia. Watoto wakalizunguka beseni. Sumaya alikuwa amekaa mkao wa kungoja zamu yake ya kupampu. Ndipo Dokta Haji akaingia kumchukua.

"Mashallah," akasema. "Mapafu ya nani haya, Mwalimu?"

"Ya ng'ombe, Dokta," nikajibu, na niliamini hivyo kabisa.

"Ya nguruwe," Gwakisa akasema bila kuinua kichwa. "Muuzaji alisema zhu. Zhu ni nguruwe."

Nilitamani yale mapafu yanivute mimi ndani. Sumaya hakuwa amegusa, namshukuru Mungu wa pande zote mbili. Dokta Haji alitazama beseni, akanitazama mimi, akatazama beseni tena. Akavuta kiti akakiweka mbali, kule mlangoni, akaketi. "Endelea kupampu, Mwalimu. Nami sijawahi kuona." Juma lililofuata alitupitishia mwenyewe mapafu ya ng'ombe kutoka kwa wachinjaji Waislamu, yamefungwa vizuri, na Sumaya akapampu hadi mkono ukamuuma. Tangu siku hiyo siendi sokoni bila kuuliza, na ninyi msiende.

Na mengine nawaambia harakaharaka kwa sababu Achieng' anasema nikianza siachi. Mabango yenu ni mazuri, yabandikeni chooni kwenu. Mtoto anataka kushika. Figo ni kichujio cha chai na maji yenye majani, lakini onyesheni pia maji safi yanayobaki, msirudie kosa langu. Mifupa ya plastiki msiilete imesimama. Ileteni kipande kimoja kimoja, mkono kwanza, mtoto alinganishe na wake. Fuvu liwe la mwisho, na mtoto akilia lirudisheni kwenye begi bila hotuba. Msiseme "hiyo ni mbaya kusema" kwa kiungo chochote cha mwili. Mtoto asiye na jina la kiungo chake hawezi kuwaambia kinapouma, wala hawezi kusema nani amekigusa. Hapo sifanyi mzaha, na ninyi msifanye.

Gwakisa hakurudishwa Tukuyu. Ni kijana mkubwa sasa, ana ndevu anazozipima kwa rula, anafanya kazi na mama yake stoo. Akikagua mzigo hakuna mshono mbovu unaopita, na wenye viwanda wanamwogopa kwa sababu habembelezeki.

Mwaka huu nililazwa hapa mjini. Vijiwe kwenye nyongo. Maumivu yake msiulize. Wakanikata, wakatoa mfuko mzima wa nyongo, nikalala pale nimefungwa tumbo kama robota. Mama Gwakisa akaja na mwanawe kuniona. Gwakisa alisimama miguuni pa kitanda.

"Wamekukata wapi?"

Nikamwonyesha, juu ya shuka.

"Wametoa nini?"

"Mfuko wa nyongo."

"Uko wapi?"

"Sijui, Gwakisa. Nadhani wameutupa."

"Hukuuomba?" Alisikitika kabisa. Mama yake akamwonya kwa jicho, akanyamaza. Tukaongea mambo mengine, mizigo, mvua, binti yangu. Yeye alisimama pale pale, ananitazama tumbo, midomo inacheza bila sauti. Baadaye akasema, "Mwalimu. Sasa huna nyongo."

"Sina, mwanangu."

"Basi naweza kukwambia kwamba nywele zako zimekaa vibaya. Hutakasirika."

Nilimtazama. Mama yake alimtazama. Gwakisa alikuwa ametazama dari, lakini shavu lake moja lilikuwa linatetemeka, halafu la pili, halafu kikamtoka kicheko, kikubwa, cha ghafla, hata yeye mwenyewe akashtuka akaziba mdomo.

"Ametania," Mama Gwakisa akasema polepole. Akasimama. "Mwalimu, umesikia? Mwanangu ametania! Amemtania mtu!" Hapo mimi nilikuwa tayari nacheka, nimeshika tumbo kwa mikono miwili nisichanike, machozi yananiingia masikioni, na yeye Mama Gwakisa anacheka huku analia, ameshika reli ya kitanda.

Nesi akaingia amekunja uso kutunyamazisha. Gwakisa akamgeukia kwa heshima, akaninyooshea kidole tumboni, akamweleza kwa Kichina chake cha sokoni, kama mwenye duka anayemjibu mteja aliyechelewa, "Mei you. Mei you." Hakuna. Imekwisha.

Nesi akacheka kabla hajakumbuka kilichomleta.